Sewanee 1899: Mechi tano ndani ya siku sita zinathibitisha nini?

Ubishi wa timu bora ya chuo katika futiboli ya Kimarekani ukipamba moto, hakosi mtu wa kuitaja Sewanee, chuo kidogo cha kanisa kilichoko juu ya mlima huko Tennessee. Msimu wa 1899 walicheza mechi 12 wakashinda zote; walifunga pointi 322, wakafungwa 10. Sifa kubwa lakini ni ile ziara ya treni ya Novemba. Alhamisi tarehe 9 waliichapa Chuo Kikuu cha Texas 12-0 mjini Austin, kesho yake Texas A&M 10-0 Houston, Jumamosi Tulane 23-0 New Orleans. Jumapili wakapumzika. Jumatatu LSU (Chuo Kikuu cha Jimbo la Louisiana) wakala 34-0, Jumanne Ole Miss (Chuo Kikuu cha Mississippi) 12-0 mjini Memphis. Ni mwendo wa kilomita 4,000 hivi, na hakuna aliyepata pointi hata moja kwao.

Wanaowatetea wana hoja. Enzi zile wachezaji walewale walishambulia na kulinda, na kurusha mpira mbele kulikuwa marufuku, kwa hiyo mchezo ulikuwa kusukumana kifua kwa kifua. Ulale kwenye behewa mbavu zikikuuma, asubuhi urudie tena! Meneja wao, mwanafunzi Luke Lea, alipakia hadi mapipa mawili ya maji ya chemchemi ya kwao, vijana wasije wakaharibikiwa matumbo ugenini. (Ndiye huyo aliyekuja kuwa seneta, na mwaka 1919 akaenda Uholanzi kujaribu kumteka aliyekuwa Kaiser (mfalme) wa Ujerumani. Safari za ajabu alizianza mapema.)

Ila ratiba ile haikupangwa kupima ubora wa mtu. Sewanee walikuwa wamegombana na Vanderbilt, chuo kingine cha Tennessee, juu ya mgawo wa viingilio, mechi ikafutwa, na pengo la fedha likahitaji kuzibwa. Tena futiboli ya Kusini mwa Marekani ilikuwa bado changa. Vyuo vile vitano vyote vilikuwa havijatimiza miaka kumi tangu viuanze mchezo. Vigogo walikuwa kaskazini mashariki, na Harvard nao walimaliza msimu huohuo bila kupoteza mechi. Sewanee hawakukutana nao.

Mimi uzito nauweka kwingine: Novemba 30, Montgomery, dhidi ya Auburn, chuo cha Alabama, ya kocha John Heisman. Zile pointi 10 zote walifungwa siku hiyo. Waliponea 11-10, wakati ambapo kuvuka mstari na mpira kulileta pointi 5 na teke la nyongeza 1. Yaani waliokolewa na teke moja, na Heisman akamlaumu mwamuzi hadharani. Hapo ndipo walipokutana na timu iliyofundishwa sawasawa, na kidogo waanguke. Siku mbili baadaye wakaenda Atlanta, wakaifunga North Carolina 5-0. Ushindi huo mwembamba unanishawishi kuliko zile 34 za LSU.