Kansa: utafiti wa kupunguza ndio unaotufaa Uganda

Dawa mpya ya kansa ikitangazwa huku Uingereza, WhatsApp za kwenda Kampala hujaa: jamani, tiba imepatikana! Mara nyingi ni dawa ambayo bei ya dozi moja ingenunua boda boda na chenji ikabaki. Habari inayotuhusu hasa hupita kimyakimya. Ni ile ya watafiti wanaouliza: tukipunguza, mgonjwa atapona vilevile?

Chukua mionzi ya titi baada ya upasuaji. Zamani ilikuwa jumla ya grei 50 (grei ni kipimo cha dozi ya mionzi) kwa siku 25. Uingereza ikashuka hadi grei 40 kwa siku 15. Kisha mwaka 2020 yakachapishwa matokeo ya FAST-Forward, utafiti wa wagonjwa zaidi ya 4,000: grei 26 kwa siku 5, wiki moja basi. Baada ya miaka 5, kansa ilikuwa imerudi kwenye titi lilelile kwa asilimia 1.4 ya waliopewa siku 5, na asilimia 2.1 ya waliopewa siku 15.

Huku, siku 10 zilizopunguzwa maana yake ni kuwahi kurudi kazini. Mama wa Arua ana hesabu nyingine kabisa: Kampala ni karibu kilomita 500, kuna nauli ya basi, kuna mahali pa kulala, kuna chakula cha watu wawili kwa sababu hatoki nyumbani bila wa kumuuguza. Pesa ikikata katikati anarudi kwake, na mionzi iliyoachwa nusu huzipa seli zilizobaki nafasi ya kuzaana upya. Utafiti ni uleule, lakini faida yake kubwa iko kwetu kuliko ulikofanyiwa.

Ila siku 5 haziji peke yake. Kila kipindi ni grei 5.2, yaani moja ya tano ya tiba nzima. Mgonjwa akilazwa vibaya chini ya mashine siku moja, umeharibu moja ya tano, si moja ya kumi na tano. Mashine ya kobalti-60, inayopata mionzi kutoka madini yanayofifia yenyewe, nayo hupungua nguvu kwa takriban asilimia 1 kila mwezi, hivyo muda wa kumwashia mgonjwa lazima uongezwe kila mara. Usipoongezwa, kila mtu atadhani ametibiwa kumbe amepunjwa. Linaki, mashine inayotengeneza mionzi kwa umeme, haichuji namna hiyo, lakini inataka umeme usioyumba, maji ya kupoza, na kukaguliwa kila asubuhi kabla ya mgonjwa wa kwanza. Mwaka 2016 mashine pekee ya mionzi ya nchi nzima ilikufa pale hospitali ya Mulago, Kampala, na mpya ikazinduliwa 2018. Fundi, vipuri na mtaalamu wa fizikia ni sehemu ya tiba, hata kama hakuna mwanasiasa anayekata utepe kwa ajili yao.

Kwa maumivu ya kansa iliyoingia mifupani, grei 8 mara moja hutuliza sawa na siku 10 za mionzi, ingawa wengine huhitaji kurudia. Hapo sioni hata cha kubishania.

Tezi dume ina mambo yake. Abirateroni, dawa ya vidonge ya kansa hiyo, humezwa miligramu 1,000 tumbo likiwa tupu. Watafiti wakiongozwa kutoka Chicago wakajaribu miligramu 250 pamoja na kifungua kinywa chenye mafuta kidogo, na matokeo ya 2018 yakaonyesha PSA, kipimo cha damu cha kufuatilia kansa hiyo, imeshuka sawasawa. Robo ya vidonge! Lakini walikuwa wagonjwa 72 tu, na kilichopimwa ni PSA, si miaka ya kuishi. Halafu chakula chenyewe ni sehemu ya dozi: chenye mafuta kidogo huongeza dawa inayoingia mwilini kama mara 5, chenye mafuta mengi kama mara 10. Rolex, ile chapati yetu iliyoviringishwa, ya mayai mawili si sawa na uji mwepesi. Kwa hiyo mzee asijipunguzie vidonge mwenyewe. Daktari ajue, prednisoloni (steroidi inayomezwa pamoja na abirateroni) iendelee, presha na potasiamu vipimwe. Na utafiti huo urudiwe kwetu, kwa vyakula vyetu. Uwezo upo: Taasisi ya Kansa ya Uganda ilianza 1967 kwa kazi hiihii ya kutibu na kutafiti, kwenye uvimbe wa taya za watoto ambao daktari wa upasuaji Burkitt aliueleza mwaka 1958 akiwa Kampala.

Dawa laini na nafuu ya titi tunayo tangu miaka ya 1970: tamoksifeni, miligramu 20 kwa siku, kwa kawaida miaka 5. Humfaa mgonjwa ambaye uvimbe wake una vipokezi vya homoni, yaani sehemu za seli zinazopokea homoni, na hapo ndipo tunapokwama. Kipande kilichokatwa kitumbukizwe upesi kwenye formalini, dawa ya kuhifadhi nyama isioze, ya asilimia 10 iliyotiwa bafa (kemikali ya kuzuia asidi), mara 10 ya ujazo wake, kikae humo saa 6 hadi 72. Kikiachwa kwenye maji ya chumvi, au kikisubiri basi la Jumatatu kwenye kichupa kilichojaa nyama na dawa kiduchu, vipokezi huharibika na jibu husema havipo. Mgonjwa ananyimwa kidonge cha bei ndogo, anabaki na dripu za kung'oa nywele.

Ndugu mlioko huku, kabla ya kutuma pesa za dawa, ulizeni kwanza: kipimo cha vipokezi kimefanywa? Kama bado, tumeni pesa ya hicho, na nauli.