Pimeni nyumba kabla ya kununua AC

Mombasa tumezoea kununua AC kwa macho. Fundi anasimama mlangoni mwa sebule, anatupa jicho darini, anatupa jingine dirishani, kisha anatoa hukumu: "Hapa tia ishirini na nne, mama, joto utalisahau." Yaani AC ya kutoa joto la BTU 24,000 kwa saa, BTU ikiwa kipimo cha joto. Mwenye nyumba anaridhika maana kubwa ndiyo nzuri, na pesa zinatoka. Hakuna aliyepima chochote. Naipinga tabia hii, na zaidi naipinga wakati huu ambapo wanaojenga Nyali na Shanzu wameanza kuweka mitambo ya kupoza nyumba nzima, ile ya mashine moja darini na dakti za kupeleka hewa kila chumba. AC ya ukutani ikikosewa utaibandua ubadilishe. Dakti ikikosewa, kosa limefunikwa na jipsamu, na kulifikia ni kuivunja dari.

Kwanza tumjue adui. Mwezi wa Machi, kaskazi inapoishia, joto letu la mchana huwa kama nyuzi 32 au 33. Garissa wana joto kushinda hilo. Kinachotutesa sisi ni unyevu. Jasho linakaa mwilini halikauki. Kwa hiyo AC ya Pwani ina kazi mbili, kushusha joto na kukamua maji hewani, na hii ya pili inataka muda. Hewa inapita kwenye koili, yale mabomba baridi ya ndani ya mashine, maji yanashika juu yake matone matone, yanakusanyika, yanateremka kwa kipaipu hadi nje. Mashine iliyozidi chumba inalishusha joto kwa dakika chache tu, themostati, kile kidude kinachopima joto la chumba, inaizima, na maji mengi bado yamo hewani. Hata yale yaliyokwisha kushika kwenye koili, feni ikiendelea kuzunguka inayarudisha chumbani. Matokeo yake mnayajua: chumba kina baridi lakini shuka inanata, viatu vya ngozi kabatini vinaota ukungu, na mtu anashusha rimoti hadi 18 akidhani baridi haijatosha. Tokeni zinakwisha na raha haijapatikana. AC za inveta zinasaidia kwa kuwa zinaweza kupunguza mwendo, lakini nazo zina mwisho wa kupunguza. Ukinunua iliyozidi sana, inarudi kule kule kwa kuwaka na kuzima.

Dawa ni hesabu, na hesabu yenyewe si siri. Marekani, chama cha wakandarasi wa fani hii, ACCA, kina miongozo inayofuatana: Manual J ya kukokotoa joto linaloingia nyumbani, Manual S ya kuchagua mashine, na Manual D ya kupanga dakti. Mpangilio huo una maana yake. Huwezi kujua upana wa dakti kabla hujajua chumba kinataka hewa kiasi gani, na hilo hulijui mpaka ukihesabu ukuta, paa, vioo, watu na vyombo, chumba kwa chumba. Chumba cha Mji wa Kale chenye ukuta mnene wa mawe ya matumbawe na dirisha linalotazama kichochoro chenye kivuli hakiwezi kuwa sawa na chumba cha ukubwa ule ule Bamburi, ghorofa ya juu kabisa, mabati juu yake na kioo kipana kinacholipokea jua la magharibi. Futi za mraba ni zile zile, mashine si ile ile. (Na huyo wa Bamburi, kabla ya kununua mashine, angepaka paa rangi nyeupe na kulitilia dirisha kivuli kwa nje. Joto lisiloingia halihitaji stima kulitoa.)

Sasa dakti. Tani moja ya kupoza ni BTU 12,000 kwa saa, na kawaida hutengewa futi za ujazo 400 za hewa kwa dakika. Sehemu zenye unyevu kama kwetu wahandisi wengi huteremka hadi 350 hivi, ili koili iwe baridi zaidi na ikamue maji zaidi. Mashine ya tani tatu basi inataka njia ya futi za ujazo 1,050 kila dakika, kwenda na kurudi. Hapa ndipo inchi mbili zinapoleta tofauti kubwa: kwa msukumo ule ule, dakti ya duara ya inchi 8 inapitisha hewa zaidi ya mara mbili ya ile ya inchi 6. Lakini nimeona nyumba ambayo kila chumba, kuanzia sebule hadi stoo, kimepewa inchi 6, kwa sababu ndizo zilizonunuliwa. Halafu ni zile za kukunjika, zimelegea katikati ya boriti na kukunjwa kwenye kona kama mpira wa kumwagilia maji uliokanyagwa. Chumba cha mwisho kinapata pumzi tu.

Njia ya kurudi ndiyo inayosahaulika zaidi. Utakuta wavu mmoja mdogo ukumbini, vyumba vitatu vya kulala milango imefungwa usiku, na hewa iliyosukumwa ndani haina pa kurudia. Inatokea kwenye nyufa za dirisha. Mashine nayo, ikikosa hewa ya kuvuta, inaivuta kutoka nje kupitia nyufa nyingine, na hewa ya nje ya Mombasa ni maji matupu. Kila chumba kipewe njia yake ya kurudi, au angalau wavu juu ya mlango.

Kisha dakti hutoa jasho. Hewa inayotoka kwenye koili huwa kama nyuzi 13, na msimu wa kaskazi huku kwetu kitu chochote kilichoshuka chini ya nyuzi 23 au 24 kinalowa. Sufi ya kioo inayoifunika dakti ikiwa nyembamba, au ganda lake la aluminiamu likiwa limechanika hata kidogo, maji yanaingia, na ile alama ya kahawia kwenye jipsamu mnayodhani ni paa linavuja ni dakti inayodondosha. Maungio nayo yazibwe kwa masitiki ya kupaka. Mwaka 1998 watafiti wa maabara ya Lawrence Berkeley huko Marekani walijaribu vizibo vya aina nyingi kwa kuvipitishia joto na baridi, na ile tepu ya kijivu ya kitambaa, ambayo fundi wetu huzungusha mara tatu akaona kamaliza, ndiyo iliyoshindwa vibaya.

Wachoraji wa nyumba nao nawalaumu. Ramani inakuja na stima, maji na maji taka, dakti haipo. Fundi anaitwa zege limeshamwagwa, anakuta mhimili wa sentimita 60 umekatiza ukumbi, na dari ikishushwa haibakizi nafasi ya dakti ya upana unaotakiwa. Anaibana hadi ipite. Hesabu ya joto na mchoro wa dakti vikae mezani pamoja na ramani ya stima kabla ya nguzo kusimama, na kabla ya jipsamu kufungwa mwenye nyumba adai hewa ipimwe kwa kifaa kwenye kila wavu, namba zilinganishwe na zile za mchoro, ndipo malipo ya mwisho yatoke.