Ombeni Daftari la Choo

Wageni wa makao ya watu wazima wenye ulemavu wa akili huku Malindi huja saa tano asubuhi. Sakafu imeshapigwa deki, kila mtu kavishwa nguo safi, nyimbo zimeimbwa, katoni za sabuni zimepokewa, picha zimepigwa. Mgeni huondoka akisifu. Kwa maoni yangu, hajaona kitu bado. Ubora wa makao umo katika yale ambayo mgeni huona haya kuyauliza, na la kwanza ni choo.

Mtu asiyeweza kusema "tumbo laniuma" anaweza kufa kwa kufunga choo. Si maneno ya kutisha watu: utumbo hujaa, ukaziba, na anayemtunza akadhani ni ukaidi wa kula tu. Chanzo chake ni kukaa kitako kutwa, wali mweupe na chai mchana na usiku, dawa, na maji kidogo. Hapo kwenye maji ndipo pananiuma zaidi. Wako walezi wanaomkatia mtu maji tangu alasiri ili asikojoe kitandani. Kwa joto la kaskazi, huko ni kumkausha mtu. Dawa ya kitanda kuloa ni mpira chini ya shuka, shuka mbili za akiba, na mtu wa kumwamsha saa sita usiku aende msalani.

Kisha mambo huzunguka hivi. Tumbo likiuma, mtu hupiga kelele, hujing'ata mkono, humsukuma mwenzake. Anaandikwa kuwa ana vurugu, anapewa dawa ya kutuliza akili. Nyingi ya dawa hizo hufanya choo kiwe kigumu zaidi. Maumivu yanazidi, kelele zinazidi, na dozi nayo inaongezwa. Baada ya mwezi unamkuta kakaa kwenye kiti, mate yanamtoka, na watu wanasema ametulia.

Kwa hiyo ombeni daftari. Liwe na jina la kila mtu, tarehe, saa, na hali ya choo: kigumu kama cha mbuzi, laini, au maji. Siku ya tatu bila choo, mlezi asisubiri ya nne, amweleze muuguzi. Na choo cha maji baada ya siku kadhaa za kukosa choo si lazima kiwe kuhara. Huenda ni maji yanayopenya kando ya kinyesi kilichoganda, na ukimpa dawa ya kufunga tumbo umemmaliza. Tumbo likivimba na kuwa gumu, au akianza kutapika, ni hospitali siku hiyo hiyo. Kuzuia si kazi ngumu: mbaazi, mchicha, papai, maji kila baada ya saa mbili, kutembea, na kumkalisha msalani ikishapita kama nusu saa tangu kifungua kinywa, miguu ikiwa juu ya kibao ili magoti yapande. Wakati huo utumbo hujisukuma wenyewe.

Tumbo lisipokuwa na kosa na tabia bado imebadilika ghafla, angalia sikio, meno, mkojo. Anayejipiga kofi upande mmoja wa kichwa kila siku mara nyingi anakuonyesha mahali. Kwa wenye hali ya Down, aina ya ulemavu wa akili wa kuzaliwa nao, pima tezi ya shingo kila mwaka, na wakifika miaka 40 angalia kumbukumbu zao, maana kwao usahaulifu wa uzee huwahi.

Kuhusu kula nitasema machache: mtu akae wima, samaki atolewe miba yote, vipande viwe vidogo, wala asilazwe mara baada ya kumeza.

Usiku ndio mtihani. Kifafa ni cha kawaida sana kwa watu hawa, na hakichagui zamu. Mlezi mmoja kwa watu ishirini, naye kalala kwenye mkeka mlangoni, huo si ulinzi. Anapoanguka mtu, mlezi atazame saa, amlaze ubavu, asimtie kijiko mdomoni. Ikipita dakika tano ni dharura, na gari lijulikane mapema ni la nani. Tembe za kifafa zisiachwe ghafla hata siku moja, kwa hiyo pawe na akiba ya wiki mbili kabla duka la dawa halijaishiwa. Tazameni pia daftari la usiku. Likisema saa nne, saa sita, saa nane, saa kumi, sawasawa bila dakika, kwa wino mmoja na mkono mmoja, liliandikwa asubuhi.

Msidhani ukaguzi wa serikali unatosha. Huko Uingereza, karibu na Bristol, Winterbourne View ilikuwa hospitali yenye leseni na ikikaguliwa. Mfanyakazi mmoja alitoa taarifa, haikufanyiwa kazi. Ukatili ule ulijulikana mwaka 2011 baada ya mwandishi wa habari kuingia na kamera ya siri. Hospitali ikafungwa, na mwaka 2012 wafanyakazi 11 wakahukumiwa.

Kwetu Kenya, Katiba ya 2010, kifungu cha 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutendewa kwa heshima na kutoitwa kwa majina ya kudharau. Basi sikilizeni. Mwanamume wa miaka 38 anaitwa "toto"? Mlezi hupiga hodi kabla ya kuingia chumbani kwake? Kanzu aliyovaa ni yake, au imechotwa kwenye rundo la wote? Nani alichagua saa yake ya kulala? Na zile shilingi 2,000 za mwezi za Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuwasaidia wasiojiweza, kama anazipata, kuna mahali pameandikwa zimemnunulia nini?

Nendeni baada ya magharibi, bila kupiga simu. Mkitaka kutoa, katoni za sabuni zinaweza kungoja. Ulizeni kwanza mshahara wa mlezi wa pili wa usiku unalipwa na nani, na kama hakuna anayeulipa, anzeni na huo.