Mwisho wa reli, huku na kule

Mtu wa Kigoma akihamia Toronto, Canada, hapati shida kuelewa ugomvi wa njia ya Sheppard. Ni treni ya chini ya ardhi yenye stesheni 5 tu, kilomita tano na nusu, iliyofunguliwa Novemba 2002. Mpango wa awali ulikuwa ifike Scarborough, mashariki ya jiji. Hela zikawa finyu, ikakatiwa njiani, stesheni ya Don Mills, na toka hapo watu wanabishana kama irefushwe au iachwe.

Na wanabishana kweli. Mwaka 2007 Meya David Miller alitangaza treni nyepesi za juu ya ardhi, moja ipite barabara ya Sheppard, upande wa mashariki. Akaja Rob Ford 2010, akaufuta mpango, yeye anataka ya chini. 2012 madiwani wakamkatalia, wakairudia ile ya juu. Haikujengwa hii wala ile. Halafu Metrolinx, wakala wa usafiri wa jimbo la Ontario, ikaanza upembuzi mwingine: njia iende magharibi, iende mashariki mpaka McCowan, huko Scarborough, au kote kuwili? Wananchi tukaitwa kutoa maoni.

Hilo la kuitwa silidharau. Ramani ziko ukutani, mhandisi kasimama pembeni, na bibi mmoja wa Kichina anamwonyesha kwa kidole pale anapovukia barabara na kitoroli chake cha sokoni, na mhandisi anaandika. Kwetu wengi huujua mradi siku wanapoamka na kukuta alama ya X nyekundu kwenye ukuta wa nyumba.

Kinachonikera ni hoja ya wapinzani kwamba abiria hawatoshi. Watatosha vipi? Mtu anashushwa Don Mills, anapanda juu, anasimama kwenye theluji kungoja basi la kumalizia safari. Mwenye gari atawasha gari lake. Kisha anahesabiwa kuwa ni mtu asiyetaka treni! Wakati huohuo maghorofa ya makazi yameota kuzunguka stesheni hizohizo, na waliohamia humo hawakuwepo hapo kabla njia haijachimbwa.

Sisi watu wa mwisho wa reli tunalijua hili. Mwaka 1914 reli ya Mjerumani kutoka Dar es Salaam ilipolifikia Ziwa Tanganyika, mji wenye watu na jina ulikuwa Ujiji: kituo cha misafara, ndipo Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871. Reli haikwenda Ujiji. Ilishuka Kigoma, kwenye ghuba yenye kina cha kuingiza meli. Meli tunayoiita Liemba ililetwa kwa reli hiyo ikiwa vipandevipande, ikaunganishwa palepale ziwani. Wangehesabu vichwa vya siku ile, Ujiji ingeshinda mchana kweupe. Lakini biashara iliifuata stesheni, na mpaka leo anayekwenda benki au bandarini kutoka Ujiji anapanda daladala kupitia Mwanga mpaka Kigoma mjini.

Kwa hiyo kwenye fomu ya Toronto nimeandika: mpaka McCowan, na mwache kupima njia nzima kwa kipande mlichokikata wenyewe.

Kwa nyumbani, mkataba wa SGR, reli mpya ya kisasa, ya Tabora hadi Kigoma, kilomita 506, ulisainiwa Desemba 2022. Kuijenga sina ubishi nako. Ninachotaka kisikike mapema ni habari ya abiria akishashuka. Stesheni ya zamani iko mjini, unatoka mlangoni unaona watu. Hiyo mpya, popote itakapokaa, daladala za Ujiji na Kibirizi zipewe sehemu ya kuegesha ndani ya uzio, karibu na jukwaa, na ratiba yake ifuate treni, hata ya usiku. Mama mwenye mtoto mgongoni na madumu mawili ya mawese asitembezwe mpaka lami kugombea bodaboda.