Siku Ng'ombe Wangu Alipokwenda Kutoa Ushahidi

Nafuga ng'ombe mmoja tu wa maziwa, huku Buhongwa, Mwanza, kwenye banda lililobanwa kati ya ukuta wa jirani na jiwe kubwa kuliko nyumba yangu. Ni chotara wa Friesian. Tunamwita Madamu, maana jani likidondoka chini hali mpaka uliokote umrudishie horini. Maziwa nampelekea mama mmoja mwenye kioski Mkolani, na kwa miaka miwili tulipimana kwa macho tu na kuaminiana.

Kuaminiana kuliisha siku mama aliponunua laktomita, kile kipimo cha kukamata maziwa yaliyotiwa maji: yakiwa na maji kinazama zaidi na namba inashuka. Kumbe kuna mwenzetu alikuwa anamletea nusu ya Ziwa Victoria ndani ya dumu.

Kipimo kikaanza na mimi, tena siku niliyochelewa kuamka. Kawaida nakamua saa 11 alfajiri, dumu naliweka kwenye beseni la maji ya baridi, nakunywa chai taratibu, ndipo napanda baiskeli. Siku hiyo nilikamua mbiombio nikadandia bodaboda, dumu likinichoma mapaja njia nzima.

Mama akamimina maziwa kwenye jagi refu, akatumbukiza kile kibomba cha kioo. Kikazama kama mtumbwi uliotoboka. Akainama, akafuta miwani, akainama tena.

"25," akasema. "Mimi nimeambiwa yasishuke chini ya 26. Baba Neema, hata wewe?"

Lile "hata wewe" ndilo lililoniponza. Nyuma yangu kulikuwa na foleni ya watu wazima na vikombe vyao, wote wananitazama kama mwizi wa kuku. Nikapandisha sauti: "Kesho namleta ng'ombe mwenyewe! Nitamkamua hapa hapa, mbele ya macho yenu!"

Mke wangu aliposikia alicheka mpaka akakaa chini. "Madamu hajawahi kukanyaga lami, Baba Neema. Utambeba?"

Karibu nimbebe kweli. Tulipofika barabara kuu aliuona ule mstari mweupe wa pembeni akagoma kuuvuka. Aliuinamia, akaunusa, akarudi nyuma, kana kwamba ni korongo. Nilivuta mbele, kijana wangu akasukuma nyuma, daladala zikapanga foleni. Konda mmoja akachungulia dirishani: "Nyegezi hiyo, mama! Panda, siti ipo!" Hakuwa anasema na mimi.

Tukafika kioski saa 3, sote watatu tukihema. Watu walikuwa wamejaa. Nikaosha kiwele kwa maji ya uvuguvugu, nikapaka mafuta ya kukamulia, nikakaa kwenye kigoda kwa madaha yote. Nikavuta chuchu. Hewa. Nyingine. Hewa.

Nani asiyejua kwamba ng'ombe akitishika anabana maziwa? Mimi mwenyewe nimewafundisha majirani jambo hilo. Lakini hasira inafuta elimu. Madamu, kwa upande wake, hakukaa bure: alipitisha shingo kwenye meza ya mama ntilie akamaliza kabichi mbili, kisha akainua mkia na kuuacha mzigo wake mlangoni pa kioski. Kabichi nililipa, mzigo nikazoa kwa koleo la kuazima.

"Yaya, yaya," akasema mzee mmoja akitikisa kichwa, yaani "hapana" kwa Kisukuma. "Mpeni mashudu, na nyie wote nyamazeni."

Yakaletwa mashudu ya pamba kwenye sufuria. Umati ukanyamaza kama msibani, hata bodaboda wakazima injini. Madamu akatafuna, akalegea, akashusha. Yakaja! Chururu, chururu, jagi likajaa povu. Nikasimama, nikampa mama kwa mikono miwili kama natoa mahari.

Akatumbukiza kipimo. Kikazama.

25.

Kimya. Halafu kijana mmoja wa bodaboda akapaza sauti: "Jamani, huyu ng'ombe anachakachua akiwa bado tumboni!"

Sijawahi kusikia Mkolani ikicheka namna ile. Watu waliegemeana. Mama mwenyewe alishika mlango asianguke, na mimi nilibaki nimeshika kigoda, natafuta jiwe la kujificha, na Mwanza nzima ilivyojaa mawe sikuliona hata moja.

Walipokuwa wanatawanyika, ndipo binti mmoja aliyesomea mifugo akanisogelea kwa adabu. "Shikamoo baba. Hayo maziwa si bado ya moto? Yanatoka mwilini na nyuzijoto kama 38, na hiki kipimo kimeandikwa 20. Kila nyuzi ikizidi, kinasoma pungufu kwa 0.2 hivi. Yapoozeni kwanza."

Tukaliweka jagi kwenye beseni la maji ya baridi. Tukasubiri. Nikapiga hesabu ya zile nyuzi 18 kwa vidole mpaka vikaisha. Mama akapima tena: 29.

"Nisamehe, baba," akasema.

Nikageuka kuutafuta umati uje uone. Alibaki Madamu peke yake, analamba sufuria ya mashudu.

Sasa dumu langu halitoki nyumbani halijapoa, na mama ananipokea vizuri. Ila kila nikipita kijiweni na baiskeli yangu, lazima mmoja apige kelele: "Baba Neema! Leo Madamu kaweka maji lita ngapi?"