Raba za Kaboni: Laki Sita Kwa Siku Moja ya Mbio?

Nike Vaporfly, raba ya mbio yenye bamba la kaboni ndani ya soli, imekuwa ikiuzwa Marekani kwa takriban dola 250 jozi. Mtu wa Mtwara akiigeuza bei hiyo kuwa shilingi anapata zaidi ya laki sita, na hapo usafiri na ushuru bado. Mnada wa kwanza wa korosho wa TANECU, chama kikuu cha ushirika cha Tandahimba na Newala, mwaka 2024 ulifunguka kwa bei iliyovuka shilingi 4,000 kwa kilo, na watu walishangilia. Hata kwa bei hiyo ya kushangiliwa, raba jozi moja inameza kama magunia mawili ya korosho. Ndiyo maana mabishano kwenye klabu za jogingi hayaishi. Kuna wanaosema raba za kaboni ni mbwembwe za wenye nazo, na kuna wanaoapa kwamba asiyekuwa nazo asijisumbue kwenda kwenye mbio. Mimi naona zinafanya kazi kweli, ila ni viatu vya siku ya mbio. Na kwa wengi wetu tunaokimbia barabara ya Mikindani alfajiri, faida yake ni ndogo kuliko sifa zake.

Tuanze na sifa hizo zilikotoka. Mei 2017, kwenye uwanja wa mbio za magari wa Monza huko Italia, Eliud Kipchoge alikimbia umbali wa marathoni kwa 2:00:25 akiwa na toleo maalumu la raba hizi, na mwaka huohuo Nike ikaingiza sokoni Vaporfly 4%. Hiyo asilimia 4 ilitoka kwenye utafiti wa Wouter Hoogkamer na wenzake wa Chuo Kikuu cha Colorado. Walichukua wakimbiaji 18, wote wa kumaliza kilomita 10 chini ya dakika 32, wakawakimbiza kwenye mashine kwa kasi ya kilomita 14, 16 na 18 kwa saa. Raba mpya iliwapunguzia matumizi ya nguvu kwa wastani wa asilimia 4 ikilinganishwa na raba mbili nzuri za mbio za wakati ule. Aliyelipia utafiti ni Nike yenyewe, na wengi walikunja uso. Lakini watafiti wengine walipopima baadaye walikuta majibu yanayokaribiana, kwa hiyo hoja ya kwamba ni uongo wa wafanyabiashara imekufa. Kinachosahaulika ni kwamba asilimia 4 ile ni ya nguvu, si ya muda.

Jingine linalosahaulika ni kwamba kaboni imebeba sifa ambazo nyingi ni za sponji ya ndani ya soli. Kwenye utafiti uleule, sponji ya raba mpya ilikuwa ikirudisha asilimia 87 ya nguvu iliyokandamizwa ndani yake, wakati raba ya Adidas iliyopimwa nayo ilirudisha karibu 76, na ile ya zamani ya Nike kama 65. Hoogkamer na mwenzake Laura Healey walifanya jambo la kufurahisha baadaye: walichukua raba zilezile wakakata bamba la kaboni sehemu ya mbele ya mguu, kisha wakawakimbiza watu tena. Tofauti ilikuwa ndogo kiasi cha kutohesabika. Bamba lina kazi yake. Linaifanya sponji laini na nene isiyumbe, na pamoja na mkunjo wa soli linaupeleka mguu mbele bila vidole kufanya kazi kubwa ya kujikunja. Ila anayenunua raba ya bei nafuu yenye sponji ngumu kwa sababu tu imeandikwa kaboni ubavuni amenunua bamba, na faida yenyewe kaiacha dukani.

Sasa twende kwenye kasi yetu wenyewe, maana hapa ndipo hesabu inapouma. Waliopimwa Colorado walikuwa watu wa mbio. Dustin Joubert na wenzake waliwapima wakimbiaji kwa kasi ya chini: kilomita 12 kwa saa faida ikashuka hadi wastani wa asilimia 1.4, na kilomita 10 kwa saa ikawa asilimia 0.9. Kilomita 10 kwa saa ni nusu marathoni ya saa 2 na dakika 6, muda ambao watu wengi wa klabu wanaufurahia, nami siwacheki. Hata tukiihesabu nguvu yote iliyookolewa kana kwamba ni muda, mtu huyo anaokoa kama dakika moja. Dakika moja kwa laki sita! Dakika hiyohiyo anaweza kuipata kwa kutoanza mbio kama aliyefunguliwa kamba, au kwa kunywa maji kwenye meza ya kwanza badala ya kungoja kiu.

Na hata huo ni wastani tu. Melanie Knopp na wenzake waliwapima Wakenya wa kiwango cha dunia wakiwa na raba hizi, kisha na raba bapa za mbio. Kuna aliyenufaika kwa zaidi ya asilimia 11 na kuna aliyepoteza zaidi ya asilimia 11. Kiatu kinachompaisha jirani yako kinaweza kukuvuta wewe nyuma, na hutalijua hilo kwa kutazama video.

Kwa wanaotafuta riziki kwenye mbio, hali ni nyingine kabisa. Rekodi ya dunia ya wanawake ya Paula Radcliffe, 2:15:25, ilidumu miaka 16, kisha Oktoba 2019 Brigid Kosgei akaja Chicago na 2:14:04 akiwa amevaa raba za aina hii. Miezi michache baadaye, Januari 2020, Shirikisho la Riadha la Dunia likaweka mipaka: soli ya raba za barabarani isizidi milimita 40, na bamba liwe moja tu. Tangu hapo kampuni zote zimeingia sokoni, na juu kabisa kila mtu anazo. Faida inafutana, anayeumia ni yule asiye nazo. Alphonce Simbu alipochukua dhahabu ya marathoni ya dunia Tokyo, Septemba 2025, yeye na Mjerumani Amanal Petros walipewa muda mmoja, 2:09:48, wakatenganishwa na sehemu tatu za mia za sekunde. Kwenye ushindani wa namna ile hakuna anayejadili kama raba ni mbwembwe, maana ni kiingilio.

Nirudi kwenye mazoezi, kwa sababu hapo ndipo ubishi ulipo mgumu, na wanaotetea kaboni kila siku wana hoja yenye uzito. Wanasema miguu haichoki. Mtu anakimbia kilomita 25 Jumapili, Jumanne vigimbi havimuumi, anafanya mazoezi ya kasi kama kawaida. Ukweli huo nimeusikia kwa watu wengi kiasi kwamba siwezi kuupuuza: sponji nene inabeba pigo ambalo misuli ingelibeba. Wiki yenye mazoezi mawili mazuri badala ya moja ina thamani kuliko asilimia yoyote ya siku ya mbio. Kwa mtu wa miaka 45 aliyekaa ofisini siku nzima, hoja hii ina nguvu kuliko ile ya kasi.

Bado siikubali yote. Raba nyingi zisizo na bamba leo zina sponji nzuri ya namna hiyo, kwa bei ndogo kuliko hiyo, kwa hiyo faida ya kutochoka haihitaji kaboni. Kisha bamba linahamisha mzigo, haliufuti. Mwaka 2023 Adam Tenforde na wenzake walieleza wanariadha watano waliopata majeraha ya mfupa wa katikati ya mguu, ule ulio mbele ya kifundo, na wote walikuwa wakitumia raba za kaboni. Watano si ushahidi wa kufunga kesi, na waandishi wenyewe hawakudai hivyo. Walichoshauri ni mtu aingie kwenye raba hizi polepole. Mguu uliozoea soli nyembamba, au uliokulia peku kwenye mchanga wa Tandahimba, ukiupandisha ghafla juu ya milimita 40 za sponji usitegemee vigimbi na kano ya kisigino vikae kimya. Kwangu inatosha kuvaa kaboni kwenye mazoezi machache ya kasi ya mbio katika wiki za mwisho kabla ya mashindano, mguu uizoee. Siku nyingine zote ni raba ya kawaida.

Halafu kuna ardhi yetu. Mashine ya maabara haina mchanga. Ukitoka kwenye lami ya Mtwara mjini kumpisha bodaboda au lori la korosho, hatua ya pili uko kwenye mchanga wa pembeni, na raba ndefu iliyo laini inalala upande mmoja kabla hujajua. Kwenye mchanga unaodidimia sponji hairudishi kitu, kwa sababu chini hakuna kigumu cha kuikandamiza. Wa Lindi wanaokimbia njia za udongo pembeni ya mji wana shida hiyohiyo. Wakati wa masika nyayo nyembamba za mpira za raba hizi zinateleza kwenye lami iliyolowa, hasa kwenye kona. Raba hizi zilitengenezwa kwa lami kavu iliyonyooka. Na jua letu: kuziacha ndani ya gari lililofungwa mchana kutwa ni kuiua gundi na sponji mapema.

Wengi wetu, tuseme kweli, hatutainunua mpya. Tutaikuta kwenye mitumba, kwa elfu themanini au laki na nusu kutegemea mdomo wako, na hapo ndipo watu wanapoliwa. Sponji hii ya PEBA, plastiki nyepesi ya raba hizi, huchakaa haraka kuliko ile ya kawaida. Watafiti walipoichakaza kwa kilomita 450, ubora wake dhidi ya sponji ya kawaida ya EVA ulipotea. Maana yake raba iliyomaliza kazi yake Ulaya inaweza kuonekana nzima juu, kitambaa kimefuliwa kikang'aa, na ndani imeshakufa. Iweke juu ya meza uitazame kwa nyuma: ikiegemea upande, achana nayo. Tazama mikunjo ya ubavuni, kama imekuwa mistari ya kina ambayo haifutiki ukiibonyeza kwa kidole. Ikunje kidogo usikilize: ikilia kama kijiti kinachokatika, bamba lina ufa. Feki nazo zimejaa, na mzani wa duka la nafaka unakusaidia hapo. Raba ya kweli ya mbio ya aina hii, saizi 42, kwa kawaida haifiki gramu 250 kwa mguu mmoja. Ukikuta 320, umeshikishwa plastiki.

Mtu ninayemwona akistahili laki sita hizo ni kijana wa Newala au Nachingwea anayemaliza nusu marathoni chini ya saa 1 na dakika 10 kwa raba za kuazima. Kwake kilomita 18 kwa saa ni kasi halisi ya mbio, zawadi ya fedha iko karibu, na wapinzani wake kutoka Arusha wanazo. Bahati mbaya yeye ndiye asiyeweza kuzinunua. Klabu zetu hushona fulana mpya kila mwaka kwa ajili ya bonanza. Fedha za fulana za mwaka mmoja zingetosha jozi moja, hata mbili. Masharti ni kwamba zinunuliwe kwa mguu wa kijana mwenyewe, si kwa saizi ya mwenyekiti, na kabla ya kulipa atafutiwe jozi ya kuazima akimbie nayo kilomita tano kwa kasi ya mbio. Mguu ukiikataa, fedha ile iwe nauli na malazi yake Dar es Salaam, kwenye mbio nyingi zaidi na wapinzani wagumu zaidi.