Miji mikuu ya kaskazini ukiwa peke yako: ingia Copenhagen, lala melini, tokea Riga

Anayepanga kuzunguka miji mikuu ya kaskazini mwa Ulaya peke yake huanza na orodha ndefu: Oslo, Copenhagen, Stockholm, Helsinki, Tallinn, Riga, Vilnius, yote kwa siku kumi. Kwenye ramani inawezekana. Ukishafika, kila ndege ya saa moja inakula nusu siku: kwenda uwanjani, foleni ya ukaguzi, kusubiri sanduku, kisha usafiri mwingine wa kuingia mjini. Msimamo wangu ni huu: chukua miji mitano, ingia Copenhagen, tokea Riga, na katikati usipande ndege hata moja. Lala siku tatu Copenhagen, nne Stockholm, moja melini, mbili Helsinki, mbili Tallinn, mbili Riga.

Kutoka magharibi kwenda mashariki kuna sababu yake. Copenhagen na Stockholm ndiyo miji inayomaliza pesa, na ni heri kuipitia mfuko ukiwa bado mzito; ukivuka kwenda Tallinn na Riga, bei ya kitanda na chakula inashuka waziwazi. Sarafu nazo zinakaa vizuri: krona ya Denmark, krona ya Uswidi, halafu euro tupu kuanzia Helsinki hadi mwisho. Ndege usinunue ya kwenda na kurudi mji mmoja. Turkish Airlines, kwa mfano, huruka kutoka Nairobi na Dar es Salaam kupitia Istanbul, na Copenhagen na Riga zote zimo kwenye safari zake, kwa hiyo tiketi moja inaweza kukushusha huku na kukupakia kule.

Viza ni moja, ya Schengen (kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja), lakini wengi wanakosea mahali pa kuiombea. Ombi linakwenda kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi, si lazima ile utakayoshukia. Kwa mpango huu ni Uswidi. Siku zikilingana, ndipo nchi ya kuingilia inapochukua nafasi. Ada ya mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, bima ya safari iwe na kinga isiyopungua euro 30,000 na itaje eneo zima la Schengen, na ombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari hadi siku 15 kabla. Usisubiri hizo 15. Msimu wa kiangazi nafasi za miadi huisha mapema. Ambatanisha tiketi ya meli pia, maana usiku mmoja hauna hoteli na afisa atauliza unalala wapi. Na ukipewa viza ya kuingia mara moja, futa wazo la kuchepuka London katikati: ukishatoka Schengen, viza imekwisha kazi hata kama siku zimebaki.

Pesa taslimu karibu hazina kazi. Uswidi duka linaweza kukataa noti bila kuomba radhi, na mabasi ya Stockholm hayapokei sarafu kabisa. Kwa hiyo beba kadi mbili za benki tofauti, uzihifadhi mahali tofauti. Aliye peke yake hana wa kumkopesha mashine ikikataa. Kabla ya kuondoka hakikisha benki imefungua matumizi ya nje ya nchi na manunuzi ya mtandaoni. Kisha kuna mtego unaosahaulika: ukinunua tiketi ya treni mtandaoni, benki hutuma namba ya siri ya mara moja kwenye laini yako ya nyumbani. Ukiwa umeitoa ile laini ukaweka ya Ulaya, namba haifiki na malipo yanakwama. Tumia simu ya laini mbili, ya nyumbani iwe imefunguliwa kupokea ujumbe ughaibuni. Mashine ikikuuliza ulipe kwa shilingi au kwa krona, chagua krona. Kiwango cha kubadilishia cha mashine ni kibaya kuliko cha benki. Na kwa kuwa soketi zetu ni za pini tatu za bapa na kule ni mbili za mviringo, adapta inunue nyumbani.

Copenhagen ni rahisi kuliko inavyosemwa. Metro ya M2 hutoka uwanja wa ndege hadi Kongens Nytorv, uwanja wa katikati ya mji, kwa takriban dakika 15, haina dereva, na hutembea usiku kucha. Nyhavn, bandari ya zamani yenye nyumba za rangi, iko hatua chache kutoka hapo. Sanamu ya Nguva Mdogo, ya mwaka 1913, ina urefu wa mita 1.25 tu na imezungukwa na simu za watu. Kama huna muda, iache. Heri Rundetårn, mnara wa karne ya 17 unaopandwa kwa njia ya mzunguko isiyo na ngazi, au basi la majini la bandarini, ambalo hupandwa kwa tiketi ileile ya metro na halina bei ya kitalii. Hatari ya kweli mjini ni baiskeli. Njia yake iko kati ya barabara na njia ya waenda kwa miguu, na mgeni anayesimama hapo kupiga picha atagongwa kabla ya kusikia kengele.

Oslo nimeiacha kwa makusudi, kwa kuwa inakulazimisha kwenda kaskazini kisha kukata kurudi mashariki. Atakayeng'ang'ania ajue jambo moja: kutoka uwanja wa Gardermoen, treni ya kawaida ya Vy hupita njia ileile ya Flytoget, treni ya haraka ya uwanja wa ndege, inachelewa dakika chache tu, na nauli yake ni karibu nusu.

Copenhagen hadi Stockholm ni treni, kama saa tano. Inavuka mlangobahari wa Øresund juu ya daraja lililofunguliwa mwaka 2000, magari juu, treni chini. Tiketi za mapema ni nafuu sana kuliko za siku hiyo. Weka pasipoti mfukoni, usiifungie sandukuni, maana ukaguzi wa kuingia Uswidi hufanywa ndani ya treni au kituoni. Kinachoharibika hapa ni reli yenyewe: Waswidi hutengeneza njia wakati wa kiangazi, na kipande cha safari hugeuzwa basi. Kwa hiyo usipange kushuka treni na kukimbilia meli siku hiyohiyo.

Stockholm ndiyo inayostahili siku za ziada, na sababu ya kwanza ni Vasa. Meli hiyo ya kivita iliondoka gatini tarehe 10 Agosti 1628, ikasafiri kama mita 1,300, upepo ukailaza, maji yakaingia kwenye matundu ya mizinga yaliyokuwa wazi, ikazama mbele ya watu. Ilikuwa nzito juu, nyepesi chini. Iliinuliwa mwaka 1961 ikiwa karibu nzima, kwa sababu Bahari ya Baltiki ina chumvi kidogo na wale wadudu wanaotoboa mbao, ambao mafundi wa Lamu na Zanzibar huwazuia kwa kupaka majahazi deheni, hawawezi kuishi humo. Tenga saa tatu na ufike mlango wa jumba lake la makumbusho unapofunguliwa. Feri ya Djurgården kutoka Slussen hukufikisha karibu kwa tiketi ya kawaida ya SL, shirika la usafiri wa umma la Stockholm, ambayo hudumu dakika 75 kwa metro, basi na feri hiyo. Tiketi hiyohiyo ndiyo ya kuonea vituo vya metro vilivyochongwa mwambani na kupakwa rangi: T-Centralen mstari wa buluu, Solna centrum, Kungsträdgården. Usitoke nje ya geti, shuka, tazama, panda inayofuata.

Chakula cha nguvu kiwe cha mchana. Siku za kazi, kati ya saa tano asubuhi na saa nane mchana, mikahawa ya Stockholm hutoa kinachoitwa dagens lunch: sahani moja moto, pamoja na saladi, mkate na kahawa kwa bei moja. Sahani ileile jioni inaweza kugharimu maradufu, bila kahawa. Helsinki nao wana wao, lounas. Mchana huo meza za mtu mmoja zimejaa wafanyakazi wa ofisini, hivyo hakuna anayekuangalia. Maji ya bombani ni salama kote.

Sasa meli, moyo wa safari hii. Viking Line huondokea Stadsgården na Silja Line Värtahamnen. Ni bandari mbili zilizo mbali, na ukikosea teksi haitakuokoa. Meli huondoka alasiri kuelekea jioni na kufika Helsinki kesho yake karibu saa nne asubuhi. Tiketi huandika saa za kizungu, na Helsinki iko saa moja mbele ya Stockholm; 16:30 ni saa kumi na nusu. Fika gatini saa nzima kabla, kwani lango la abiria hufungwa mapema na meli haingoji.

Kabini huuzwa kwa chumba, si kwa kichwa, hivyo msafiri mpweke hulipa vitanda vyote. Linauma kidogo, lakini hesabu vizuri: bei hiyo imefuta hoteli ya usiku mmoja na nauli ya ndege. Epuka Ijumaa na Jumamosi, bei hupanda na walevi huimba koridoni hadi alfajiri. Kabini za bei ya chini kabisa ziko chini ya sitaha ya magari, karibu na injini. Ya ndani isiyo na dirisha, lakini iliyo juu ya magari, inatosha. Usiku meli hutia nanga kwa muda mfupi Åland, na chumba hutetemeka. Ni kwa ajili ya kodi: visiwa hivyo viko nje ya eneo la kodi ya ongezeko la thamani la Umoja wa Ulaya, ndiyo maana duka la melini huuza bila ushuru. Weka viziba masikio. Jioni usikae chumbani, simama sitahani, maana meli hupenya kwa saa kadhaa katikati ya funguvisiwa la Stockholm lenye visiwa na miamba kama 30,000. Asubuhi panda tena kabla ya kufika; meli hupita mlango mwembamba kando ya ngome ya Suomenlinna.

Ngome hiyo, iliyoanza kujengwa mwaka 1748, ndiyo ya kurudia mchana: feri kutoka Kauppatori, uwanja wa soko, takriban robo saa, tiketi ya mjini ya kanda A na B. Mvua ikinyesha ingia Oodi, maktaba ya umma iliyofunguliwa Desemba 2018, bure, ina choo, soketi na kahawa. Angalia pia siku ya wiki. Makumbusho mengi Helsinki hufunga Jumatatu, Ateneum ikiwemo.

Majira: mwisho wa Mei au mwisho wa Agosti. Mwishoni mwa Juni jua la Helsinki huzama karibu saa tano usiku, na saa zake zinalingana na za Dar es Salaam, kwa hiyo mwili unakataa kulala na Mwislamu hana budi kuuliza msikiti wa mji ratiba ya Isha na Alfajiri. Ijumaa ya mkesha wa sherehe za katikati ya kiangazi, kati ya tarehe 19 na 25 Juni, Waswidi na Wafini huhamia mashambani na mji hufungwa. Katikati ya Desemba mwanga wa Helsinki ni kama saa sita tu.

Feri ya Helsinki hadi Tallinn huchukua saa mbili hadi mbili na nusu. Watu huenda asubuhi na kurudi jioni, nami nalipinga: mchana Mji Mkongwe umefurika abiria wa meli za matembezi, uzuri uko asubuhi na baada ya saa kumi na moja jioni. Lala. Lakini mawe yaliyotandazwa barabarani huvunja magurudumu ya sanduku, basi beba begi la mgongoni.

Basi la Tallinn hadi Riga huchukua saa nne na nusu hivi, lina choo na intaneti, na huishia jirani na Soko Kuu, lililofunguliwa mwaka 1930 kwa kutumia mabanda ya ndege za Zeppelin. Nunua samaki wa kukaushwa kwa moshi hapo, kisha tembea hadi mtaa wa Alberta, inua macho kwenye sura na simba za majengo ya msanifu Mikhail Eisenstein. Siku ya kuondoka, basi namba 22 hufika uwanja wa ndege kwa takriban nusu saa. Tiketi nunua kwenye mashine kabla ya kupanda.